Aliyezikwa Ellerwick

Mheshimiwa Meya wetu, Bibi Nasreen Mahmood. Mchungaji Hugh Dacre, uliyetuazima ukumbi huu. Ndugu Gilbert Sugden, Katibu wa Chama cha Historia cha Ellerwick. Wifi yangu Peggy, uliyepika vyote vilivyoko juu ya ile meza ndefu. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu wote kwa heshima.

Kama nimekosea mpangilio wa majina, mniwie radhi. Nilimuuliza Ndugu Katibu nani atangulie kutajwa, Meya au Mchungaji, naye akanijibu kwamba inategemea tuko karne gani. Nikaondoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja, na hivyo ndivyo nilivyokaa tangu nianze kushughulika na historia ya Uingereza. Hata jioni hii sijui vizuri nimesimama mbele yenu kama nani. Kama mwandishi? Juu ya jalada kuna majina mawili, Clement Lumb na Averil Lumb, na kazi kubwa aliifanya yule wa kwanza. Kama mjane? Mjane angekaa kitini akawaacha wengine wamsifu mumewe. Basi nisikilizeni tu kama jirani yenu, yule mliyemzoea nyuma ya kaunta ya duka la dawa, ambaye kwa miaka mingi aliwauliza kikohozi chenu kikavu au kina makohozi, na hakuwahi kuwauliza lolote kuhusu wafalme.

Maana wafalme nilikuwa siwajui. Nilijua wanaitwa Henry, au Edward, au Richard, na kwamba mmoja akifa huja mwingine mwenye jina lile lile ili kutusumbua shuleni. Clement aliwajua wote kama alivyowajua ng'ombe wa wateja wake. Ninyi mnamkumbuka kama daktari wa mifugo, mwenye viatu vya mpira na harufu ya zizi. Mimi namkumbuka bafuni. Alikuwa na tabia ya kusoma ndani ya maji ya moto, mlango wazi, akipaza sauti ili nimsikie jikoni. Ningekuwa nabanika tosti, naye angeniita, "Averil, bibie, sikia huyu mjinga alichokifanya!" Mjinga mwenyewe angekuwa askofu aliyekufa zamani za kale. Clement angemcheka, angemkasirikia, angemtetea, na wakati mwingine angenyamaza ghafla, nami ningejua kwamba askofu yule amekatwa kichwa.

Ndugu zangu, ni furaha gani ile? Nilijiuliza mara nyingi. Mtu mzima, mwenye mgongo unaouma, anapata nini kwa kujua ni nani aliyeuza kondoo kwa nani karibu na mto wetu, wakati wa mfalme ambaye hata mifupa yake haijulikani ilipo? Nilimuuliza siku moja. Alifikiri sana, mvuke ukimzunguka, kisha akasema kwamba watu walio hai hawamruhusu kuwauliza maswali yote anayotaka, lakini wafu hawana la kufanya.

Alipostaafu akaanza kuandika, na hapo nikaona furaha ya pili, ambayo ilifanana sana na maumivu. Sentensi moja ilimchukua asubuhi nzima. Aliandika, akafuta, akatoka kwenda kuwatazama kuku, akarudi, akarudisha neno alilolifuta, akaingia kula akitabasamu kama mtu aliyekamata samaki. Sura kwa sura kitabu kikakua: watawa na kinu chao, tauni, soko la sufu, hadi akafika mahali ambapo sote tulijua atafika. Alifika darajani.

Je, nani katika ukumbi huu hajui habari ya daraja? Vita vya wenyewe kwa wenyewe, Mfalme upande mmoja na Bunge upande mwingine, na Thomas Wragg wetu, mtu wa Mfalme, amesimama peke yake kwenye daraja la Ellerwick akiwazuia askari wa Bunge mpaka akaanguka mtoni. Kila Julai tunafanya gwaride. Kila Julai Ndugu Gilbert anavaa mshipi mwekundu begani, anachomoa upanga, anapiga kelele, anaanguka juu ya magodoro ya shule ya msingi, na watoto wanapiga makofi. Jiwe la kaburi lipo kanisani, na jina linasomeka: Thomas Wragg. Kilichobaki kwa Clement kilikuwa kuandika kurasa chache, shujaa afe, kitabu kiishe.

Hakuziandika. Majira ya baridi yakapita, yakaja mengine, naye bado yuko darajani. Nikimuuliza vipi, ananijibu, "Sijui, bibie." Nilidhani amechoka. Watu wa Chama walidhani amekuwa mvivu, na mmoja wao, ambaye simtaji ingawa anachezea miwani yake sasa hivi, alimwambia hivyo usoni. Mwezi wa Februari Clement alitoka kwenda kuwapa kuku maji, moyo wake ukasimama. Nilipomfikia bado alikuwa na ndoo mkononi.

Wiki chache baada ya mazishi Ndugu Gilbert alikuja nyumbani na pai ya nyama aliyooka mwenyewe. Alizungumza kwa upole kabisa. Alisema Clement alikuwa rafiki yake, kitabu kisioze kabatini, yeye ataandika sura ile ya mwisho bila kudai chochote, na jina lake si lazima liwepo. Lilikuwa jambo jema. Mtu mwenye akili angesema asante. Mimi nilisikia sauti yangu ikisema kwamba nitaiandika mwenyewe.

Peggy alikuwa amekaa kando yangu. Akanigeukia. "Wifi," akasema, "wewe hata Henry mmoja humjui."

"Nitajifunza," nikamwambia.

"Wako wanane."

Sikujua hilo. Na mpaka leo sijui nilisema vile kwa nini. Labda sikutaka mtu mwingine amfikishe Clement mwisho. Labda nilitaka tu kusikia tena kelele za bafuni. Nilikaa jikoni na mswada wake na vitabu vyake, nikaanza kusoma kama mtu anayeingia kwenye nyumba isiyo na taa akipapasa kuta.

Nataka niwaambie kweli kuhusu usomaji ule, maana mmekuja kusikia raha zake. Nilichanganyikiwa, na nikafurahi kuchanganyikiwa. Jumatatu nilikuwa mtu wa Mfalme, kwa sababu nilisoma barua za maskini yule kwa mkewe nikamwonea huruma. Jumatano nilikuwa mtu wa Bunge, kwa sababu nilisoma alivyowatoza kodi watu wasio na kitu. Ijumaa niliwachukia wote wawili kwa niaba ya mkulima mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye farasi wake waliibwa na jeshi la kwanza, na lilipokuja jeshi la pili likamtia ndani kwa kuwapa farasi adui. Nilikuwa nikicheka peke yangu. Nilikuwa nikimjibu Clement kwa penseli pembeni mwa kurasa zake: hapana, umemwonea, hapana, hukumwelewa mama huyu. Nani angenieleza, mimi niliyetoka kuzika mume, kwamba nitaamka asubuhi nina haraka ya kujua kilichompata mtu aliyekufa karne nne zilizopita?

Ndipo nikaelewa kwa nini Clement alikwama. Kifo cha Thomas Wragg alikuwa amekiandika mara tatu. Katika rasimu ya kwanza shujaa ana mshipi mwekundu wa watu wa Mfalme. Katika ya pili ana mshipi wa rangi ya machungwa, yaani ni mtu wa Bunge, na anaanguka akitazama upande wa pili kabisa. Katika ya tatu hana mshipi wowote, na sentensi inakatika katikati. Nilidhani mume wangu aliugua akili bila mimi kugundua. Ilinichukua muda kuona sababu, na sababu ni hii: Thomas Wragg walikuwa wawili.

Naomba mtulie. Naona wengine mnatazamana. Walikuwa wawili, watoto wa mtu na ndugu yake, wote wamebatizwa katika kanisa hili hapa. Mmoja alikaa kinuni, akawa wa Mfalme. Mwingine alikaa shamba la mlimani, akawa wa Bunge. Asubuhi ya mapigano wote wawili walionekana karibu na daraja. Jioni mmoja alikuwa amekufa, na yule mwingine hakuonekana tena Ellerwick wala kwingineko. Alikimbia? Alizama? Alipanda meli kwenda Uholanzi akaoa huko? Hatujui. Na aliyezikwa ni yupi? Jiwe linasema Thomas Wragg, na jiwe halidanganyi.

Nikaurudia ule ushahidi wa mlinzi wa daraja, ambao si siri. Umechapishwa tangu zamani na kila mwanachama wa Chama ameusoma. Mzee yule alimwambia hakimu kwamba siku ya tatu mto ulimtupa Thomas Wragg chini ya mierebi, akachukuliwa kwa mkokoteni na wake wa Thomas Wragg, akazikwa. Alisema wake. Kila aliyeandika kuhusu jambo hili, Clement wangu akiwemo, alisoma wake akaandika mke, kwa sababu mtu mmoja hapa kwetu huwa na mke mmoja, na karani wa hakimu alikuwa mzembe. Mimi pia niliandika mke. Nilikuwa nimeshatia nukta. Kisha nikajiuliza: kama Thomas ni wawili, kwani wake ni wangapi?

Nilipeleka swali hilo kwenye mkutano wa Chama. Mheshimiwa Meya, hukuwepo, na shukuru kwamba hukuwepo. Ndugu Gilbert alisema karani yule alishindwa hata kuandika jina la mji wetu sawasawa, akaliandika kwa namna nne katika ukurasa mmoja, sasa leo tubomoe historia yetu kwa kalamu yake? Hoja nzuri sana. Wengine wakadakia. Mmoja akasema ninamchafua Clement kaburini, mwingine akasema afadhali, gwaride lenyewe linafunga barabara. Gilbert akasimama, na sauti yake haikuwa ya kikao tena.

"Averil," akasema, "mimi nimeanguka kwenye lile daraja tangu nikiwa na nywele. Magoti yangu ndiyo haya. Sasa niambie, nilikuwa naanguka kwa ajili ya nani?"

Nikamwambia sijui. Akachukua kofia yake akatoka.

Kwa siku kadhaa nilitembea mjini kama mtu aliyevunja dirisha la kanisa. Muuza nyama alinikatia soseji bila kuzungumza, halafu akashindwa kuvumilia akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwa hiyo sisi tulikuwa upande gani? Mheshimiwa Meya uliniita ofisini, ukanikaribisha kwa chai na biskuti, ukaniuliza kwa adabu Julai itundikwe bendera ya rangi gani, na nilipokujibu kwamba sina hakika ukasema, "Bibi Lumb, mimi wazazi wangu ni wahamiaji kutoka Mirpur, nilidhani ninyi wenyeji ndio mnaojua mambo haya." Mheshimiwa, na mimi nilidhani hivyo.

Asubuhi moja nilimkuta Gilbert darajani, ameegemea ukuta, anatazama maji. Nilitaka kugeuka. Akaniita. Hakutaka kuzungumza habari za mishipi. Alitaka kuniuliza jambo moja tu, na nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ya mkutano.

"Mwanamke hawezi kumjua mume wake?"

Nikamwambia siku ya tatu ndani ya maji haya, mwezi wa saba, uso haubaki. Nguo walikuwa wameshamvua askari waliomkuta kwanza ukingoni. Walikuwa ndugu, urefu mmoja, nywele moja. Nikamwambia mimi Clement ningemjua kwa kovu la fahali kwenye paja, lakini si kila mtu hupigwa na fahali.

"Kwa hiyo walikuja wote wawili," akasema.

"Labda."

"Mmoja amevuka kutoka kinuni, mmoja ameshuka kutoka mlimani. Na waume zao walikuwa wakiuana."

"Labda, Gilbert. Au karani alikosea."

Halafu akauliza, "Walimgombania?"

Hilo nilikuwa nimelifikiria kila asubuhi kwa mwezi mzima. Majina yao tunayo, maana waliolewa katika kanisa hili: Agnes wa kinuni na Joan wa mlimani. Naweza kuwawazia chini ya ile mierebi, na maiti kati yao, na mkokoteni mmoja. Kama Agnes atasema ni wangu, basi Agnes ni mjane, na mume wa Joan huenda yuko hai. Kama Joan atasema ni wangu, Joan ndiye mjane, na tumaini linahamia kinuni. Yupi kati yao angetaka kushinda ugomvi huo? Na yupi angethubutu kumwacha pale mtu ambaye huenda ndiye wake? Nikamwambia Gilbert kwamba nadhani hawakugombana. Nadhani mmoja alishika miguu na mwingine akashika mabega. Walimzika kwa jina ambalo lilikuwa kweli kwa vyovyote vile, kisha kila mmoja akarudi nyumbani kwake akiwa mjane na si mjane, akasikiliza hatua za watu barabarani maisha yake yote.

Ndugu wageni waalikwa, sisi tulidhani tumepoteza ukweli kwa sababu miaka imepita, karatasi zimeliwa na panya, na karani alikuwa mzembe. Lakini kama wanawake wale walikuja kweli, basi hakuna aliyewahi kuujua. Asubuhi ile ile, wakiwa wamemshika mikononi, walikuwa hawajui, kama mimi, na kama Clement aliyeandika kifo kimoja mara tatu akashindwa kuchagua. Nilipoandika hilo nililia, na nilipomaliza kulia nikarudisha koma niliyokuwa nimeifuta, na ninakiri mbele ya Mchungaji kwamba sikuwahi kupata asubuhi tamu kama ile tangu Februari. Ni haki mtu kufurahi hivyo? Hilo nalo sijui.

Basi sura ya mwisho ya kitabu hiki inaishia na mkokoteni ukipanda kilima kuja hapa. Haisemi nani yumo. Nampongeza mchapishaji wetu kwa uvumilivu, maana alinipigia simu mara mbili kuuliza kama kuna ukurasa uliopotea.

Mngependa niishie hapo, na mimi ningependa. Lakini kuna jambo limetokea juzi, na si haki niwafiche.

Gilbert alikuja nyumbani. Nilikuwa nimempa sura yangu aisome kabla ya watu wote, nikangojea. Aliirudisha, akaniambia imeandikwa vizuri na si sahihi. Kisha akatoa ndani ya koti kurasa zake mwenyewe. Mtu huyu, ambaye kwa miaka yote hii ameandika kumbukumbu za vikao tu, alikuwa ameamka alfajiri wiki baada ya wiki akiandika kunipinga. Alisema hajawahi kufurahi namna ile na kwamba mke wake anadhani anaumwa. Anaonyesha, kwa hoja moja baada ya nyingine, kwamba aliyezikwa ni Thomas wa kinuni, mtu wa Mfalme, mwenye mshipi mwekundu, na kwamba karani alikosea.

Nilizisoma zote palepale. Na sasa ndugu zangu, mnaonitazama mkiwa na pochi zenu mkononi, sijui niwaambieje: nadhani amenishawishi. Jana nilikuwa nimeshawishika kabisa. Leo mchana, nikiwa naoga, nilisoma tena kwa sauti ukurasa wake wa tano nikaona tundu ndani yake, nikapiga kelele nikiwa peke yangu nyumbani. Jioni hii sijui. Ninazindua mbele yenu kitabu ambacho huenda sikubaliani na mwisho wake, na ninawaomba mkinunue, mkisome, mnizuie barabarani mnipinge.

Wakati nasoma kurasa zake siku ile, Gilbert alichoka kusimama. Jikoni kwangu kuna kiti karibu na dirisha ambacho tangu Februari hakuna mtu aliyekikalia. Peggy mwenyewe hukizunguka. Gilbert, macho yake yakiwa kwenye karatasi niliyoshika, akakivuta, akakaa, akaweka viwiko mezani, akaniambia, "Endelea, soma pale kwenye aya ya pili, nataka kusikia ukishindwa kunijibu." Sikujua nimwambie ainuke, au nilie, au nimjibu ile aya ya pili. Birika lilikuwa linachemka. Nilimimina chai, kikombe chake na changu, nikavuta kiti kingine nikaketi mbele yake, na tukaanza kubishana.

Namshukuru Mheshimiwa Meya kwa kuja bila kujua atundike bendera gani. Namshukuru Mchungaji kwa kututunzia kaburi lile, lolote lililomo. Nawashukuru Chama, Peggy, na Ndugu Gilbert Sugden, ambaye kitabu chake kitatoka, Mungu akipenda, ili kuharibu hiki. Na wewe Clement, popote ulipo, asante kwa kuacha mlango wa bafuni wazi.

Mmenivumilia na kunisikiliza kwa utulivu, ndugu zangu. Asanteni sana, na karibuni mezani.